Vilima vya Ski Vilivyomezwa na Msitu: Nini Hasa Kiliviua?

Majimbo sita ya kaskazini-mashariki mwa Marekani, yaitwayo kwa pamoja New England, yana zaidi ya viwanja 600 vilivyokufa vya ski, yaani mchezo wa kuteleza juu ya theluji kwa mbao ndefu zilizofungwa miguuni. Hesabu hiyo ni ya New England Lost Ski Areas Project, mradi ulioanzishwa mwaka 1998 na mtaalamu wa hali ya hewa, Jeremy Davis. Vingi kati ya viwanja hivyo havikuwa vituo vya watalii. Vilikuwa vilima vya kijiji: majira ya joto ng'ombe walilisha hapo, na theluji ikishaanguka, watoto wa shule, wakulima na wafanyakazi wa viwandani walipanda na kuteleza kwa nauli ndogo. Leo miti imesimama palipokuwa na njia zao.

Maelezo yanayosikika zaidi ni kwamba theluji iliisha. Yana ukweli ndani yake, ila hayatoshi. Vilima vingi vilifungwa kati ya miaka ya 1960 na 1980, na mara nyingi mlima mkubwa ulio mwendo wa saa moja tu kwa gari uliendelea kujaa watu majira yale yale, chini ya mawingu yale yale. Sababu kubwa iko kwenye hesabu za fedha. Kilima cha kijiji kiliweza kuishi kwa sababu kukimiliki bila kukiendesha hakukugharimu karibu chochote: siku isiyo na theluji unazima injini, unarudi zizini. Kwa miaka hamsini hivi, gharama zinazolipwa hata siku isiyo na mteja zilipanda moja baada ya nyingine, huku idadi ya siku za kufungua ikibaki kuamuliwa na hali ya hewa. Kuelewa hilo kunahitaji kuanza na mtambo wenyewe wa kuwavuta watu kupanda kilima, kwa sababu urahisi wake ndio uliozaa vilima hivi kwa mamia.

Kamba moja na injini ya gari kuukuu

Januari 1934, kwenye malisho ya shamba la Clinton Gilbert huko Woodstock, Vermont, kamba isiyo na mwisho iliyozungushwa na injini ya Ford Model T ilianza kuvuta watelezaji kupanda kilima. Ilikuwa ya kwanza Marekani. Wazo lilitoka Quebec, Kanada, ambako Alex Foster alikuwa ameshafunga mtambo kama huo kule Shawbridge. Waliousukuma mpango wa Woodstock ni Bob na Betty Royce, wenye nyumba ya wageni mjini hapo, waliotaka wageni wao wapate kushuka mara nyingi kwa siku badala ya kumaliza nguvu zote kwa kupanda.

Wateja walikuwa tayari. Tangu Januari 1931 kampuni ya reli ya Boston and Maine ilikuwa ikiendesha treni za theluji, zikitoa watu wa Boston asubuhi na kuwarudisha jioni. Ya kwanza ilikwenda Warner, New Hampshire. Vyuma navyo vilikuwa vya bei ya chini. Utengenezaji wa Model T ulikoma mwaka 1927, kwa hiyo kufikia 1934 magari hayo yalikuwa yakichakaa nyuma ya mazizi kila kijiji, na kila kijiji kilikuwa na mtu anayeijua injini yake.

Mtambo ulifungwa hivi. Gari au injini yake iliwekwa chini au juu ya kilima, juu ya magogo, ekseli ya nyuma ikiwa hewani. Tairi la upande mmoja lilitolewa na kamba ikapita kwenye ringi tupu. Hapo palikuwa na jambo ambalo fundi asiyelijua alihangaika nalo: difensho hugawa mzunguko kwa magurudumu yote mawili, na gurudumu lisilo na mzigo ndilo hukimbia. Lazima upande wa pili ufungwe kabisa kwa breki au mnyororo, au difensho yenyewe ichomelewe. Ukifunga upande mmoja, ule wa kamba huzunguka mara mbili zaidi, na fundi huchagua gia kwa kuzingatia hilo.

Kamba ilipita kwenye ringi zaidi ya moja kabla ya kuondoka. Mzunguko nusu tu kwenye ringi moja haushiki vya kutosha kamba ikilowa. Upande wa pili wa kilima palikuwa na kapi kubwa lililofungwa kwenye mti au nguzo. Kamba ya kupanda ilipita usawa wa kiuno au ilijilaza juu ya theluji. Ya kurudi ilibebwa juu, kwenye ringi kuukuu zilizogongomewa kwenye nguzo na miti, ili isimkate mtu njiani.

Kamba ya Woodstock ilikuwa na urefu wa mita 550 hivi, kwenda na kurudi. Kamba nyingi za wakati huo zilikuwa za manila, nyuzi za abaka kutoka Ufilipino, mmea wa jamii moja na mgomba. Manila ilipendwa kwa sababu huvumilia maji, lakini ina tabia zake. Ikilowa hufupika, ikikauka hurefuka, na ikiwa mpya hunyooka kwa mzigo. Kwa hiyo injini au kapi la mwisho lilifungwa mahali panaposogezeka, na asubuhi kazi ya kwanza ilikuwa kukaza au kulegeza. Ncha mbili za kamba ziliunganishwa kwa kusukana nyuzi kwa nyuzi kwenye urefu wa mita kadhaa, ili unene usibadilike. Aliyeunga kwa haraka, urefu mfupi, alipata fundo nene linaloruka nje ya kapi kila linapopita.

Nguvu inayohitajika si kubwa. Mtu wa kilo 75 kwenye mteremko wa nyuzi 15 huvutwa kwa nguvu ya nyutoni 230 hivi, msuguano wa theluji ukihesabiwa. Watu kumi kwa pamoja, wakienda mita 4 kwa sekunde, wanahitaji kilowati 9, yaani nguvu farasi 12. Model T ilikuwa na 20. Ndiyo maana injini iliyokwisha kazi barabarani ilitosha kuendesha biashara nzima, tena ikabaki na nguvu ya kupoteza kwenye makapi.

Kupanda kwenyewe kulihitaji kujifunza. Anayeikamata kamba ghafla hutolewa mabega. Anayejua huiacha ipite ndani ya glavu na kuibana taratibu mpaka mwendo wake ulingane na wa kamba, ski zikiwa sambamba. Glavu ziliungua kwa msuguano, kwa hiyo watu walivaa za ngozi nene juu ya nyingine. Kamba ya manila ya unene wa inchi moja ina uzito wa gramu 400 hivi kwa mita ikiwa kavu. Penye bonde dogo, mita 20 za kamba zikining'inia hewani, hizo ni kilo 8, na zaidi zikilowa. Uzito huo humwangukia mtu wa mwisho. Watoto walipandishwa katikati ya watu wazima kwa sababu hiyo. Clarence Bousquet, mwenye kilima kilichobeba jina lake huko Pittsfield, Massachusetts, alibuni koleo la chuma la kubana kamba, lililounganishwa na mkanda wa kiunoni, na koleo hilo likasambaa sana.

Hatari kubwa ilikuwa kujizungusha kwa kamba. Kamba iliyosokotwa hujisokotoa inapovutwa, kwa hiyo inasonga mbele huku ikizunguka. Skafu, mkono wa koti uliolegea au nywele ndefu zikigusana nayo huviringwa, na mtu huenda nazo mpaka kwenye kapi. Kinga ilikuwa waya au kijiti kilichowekwa kukatiza njia baada ya mahali pa kushukia: mwili ukikigusa, waya wa umeme wa injini unakatika na mtambo unasimama. Kijiti hicho kilikuwa kifaa muhimu kuliko vyote kilimani. Pale kilipogandwa na barafu au kufungwa na mtu aliyechoka kuwasha injini upya, watu waliumia, na wengine walikufa.

Kutoka malisho hadi mlima

Kamba ilisambaa kwa kasi isiyo ya kawaida. Wakati huo huo mitambo mingine ilikuwa ikija. Mwaka 1935 Chuo cha Dartmouth huko Hanover, New Hampshire, kilipata lifti ya kwanza ya Marekani yenye waya wa juu, ikimsukuma mtelezaji kwa kipande chenye umbo la herufi J. Desemba 1936 kituo cha Sun Valley, Idaho, kilifungua lifti ya kwanza ya viti duniani. James Curran, mhandisi wa kampuni ya reli ya Union Pacific, aliichukua kutoka kwenye mitambo ya kupakia mikungu ya ndizi melini: akatoa kulabu ya ndizi, akaweka kiti. Mwaka 1940 Pico, Vermont, ikapata lifti ya kwanza nchini humo ya T, yaani yenye vipande vya umbo la herufi hiyo, na Stowe ikapata lifti ndefu ya viti.

Kuanzia hapo kulikuwa na aina mbili za ski. Kamba iligharimu dola mia kadhaa na ilifungwa na fundi wa kijiji. Lifti ya viti ilihitaji misingi ya zege, nguzo za chuma, wahandisi na mkopo wa benki. Kwa miaka ishirini hivi aina zote mbili zilikua pamoja. Vita vya Pili vya Dunia vilisimamisha vilima vingi kwa mgawo wa petroli, lakini baada ya vita askari waliofundishwa ski katika Divisheni ya 10 ya Milimani walirudi na kufungua viwanja kila upande, na vijana wengi walianza ski kwenye kamba iliyo karibu na shule yao.

Barabara kuu zikabadilisha umbali. Sheria ya mwaka 1956 ya barabara kuu za majimbo iliwezesha kujengwa kwa I-89, I-91 na I-93, zinazopanda kaskazini hadi Vermont na New Hampshire. Kilima kilichokuwa kivutio kwa sababu kiko karibu sasa kilishindana na mlima wenye kushuka mita 600, kwa mteja ambaye tayari yumo garini. Vilima vya kusini mwa New England ndivyo vilivyoumia kwanza, maana vina theluji ndogo na wateja wake ndio wepesi zaidi kuondoka.

Theluji ya kutengeneza, na bei ya kujitegemea

Mwanzo wa theluji ya kutengeneza ulikuwa kwenye kilima kidogo. Walt Schoenknecht wa Mohawk Mountain, Connecticut, alikosa theluji majira ya 1949 hadi 1950, akaleta barafu kwa malori na kuisaga juu ya mteremko. Mwaka 1950 Wayne Pierce, Art Hunt na Dave Richey, wahandisi wa kampuni moja ya ski jimboni humo, walitengeneza mashine inayorusha maji na hewa iliyoshindiliwa, na Mohawk ikawa mahali pa kuijaribu. Matone madogo yakirushwa kwenye hewa baridi huganda kabla ya kufika chini.

Masharti yake ni magumu kuliko yanavyosikika. Kipimo muhimu ni kile cha balbu iliyolowa, kinachojumuisha joto na unyevu wa hewa, na kinatakiwa kufika nyuzi 2 chini ya sifuri au zaidi. Hewa kavu yenye nyuzi sifuri inaweza kufaa. Hewa yenye ukungu kwa joto hilo hilo haifai. Maji nayo ni mengi. Kufunika hekta moja kwa unene wa sentimita 30 kunahitaji theluji mita za ujazo 3,000, na kwa kuwa theluji hiyo ina uzito kama nusu ya maji, hizo ni lita milioni 1.5, bila kuhesabu inayopotea hewani. Kilima cha hekta tano kinahitaji lita milioni 7.5 kwa tabaka la kwanza tu. Kijito cha kijiji hakitoi maji hayo ndani ya usiku tatu za baridi, kwa hiyo lazima bwawa lichimbwe. Kisha pampu, mabomba yaliyozikwa chini ya kina cha kuganda, kompresa, na umeme wa kuziendesha.

Aliyejenga hayo yote alipata uhuru dhidi ya mawingu. Asiyejenga alibaki na ubora mmoja ambao wengi walisahau kuuthamini: malisho yenye nyasi zilizokatwa yanatelezeka kwa theluji iliyoshindiliwa ya sentimita 15, wakati njia iliyochongwa kwenye mawe na visiki inahitaji mara kadhaa zaidi. Mwenye kilima aliyeacha kufyeka vichaka wakati wa majira ya joto aliupoteza ubora huo bila kutumia senti.

Kesi ya Stratton

Mwaka 1951 mahakama ya shirikisho ilisikiliza madai ya mtelezaji aliyegonga kisiki kilichofunikwa na theluji huko Mount Mansfield, Vermont. Alishindwa: anayeteleza, ilisemwa, anakubali hatari zilizo katika mchezo wenyewe. Kwa robo karne hiyo ndiyo ilikuwa kinga ya kila mwenye kilima.

Februari 1974 kijana mmoja aliyekuwa anajifunza alinasa ski kwenye kichaka kilichofichwa na theluji, kwenye njia ya wanaoanza huko Stratton, Vermont. Akapooza. Mwaka 1977 baraza la wazee wa mahakama lilimpa dola milioni 1.5, na mwaka 1978 Mahakama ya Juu ya Vermont ikathibitisha. Hoja ilikuwa kwamba zama zimebadilika: kituo kinachojitangaza kwa njia zilizosawazishwa kwa mashine hakiwezi kusema kichaka ni sehemu ya mchezo. Ni hoja nzito, na mtu aliyepooza alistahili kusikilizwa. Lakini kampuni za bima hazikutofautisha kwa makini kati ya Stratton na kamba ya kijiji. Ada zilipanda kwa wote. Vermont ilitunga sheria mwaka 1978 ya kurudisha dhana kwamba mtelezaji hubeba hatari zilizo wazi na zisizoepukika, lakini bei zilikuwa zimeshapanda, na kamba, yenye historia yake ya skafu na mikono, ndiyo iliyokuwa ngumu kukatia bima.

Hesabu ifuatayo ni ya mfano tu. Kilima kinafunguliwa wikendi 12, siku 24. Mwaka mzuri siku 20 zina theluji, mwaka mbaya 8. Watu 80 kwa siku wakilipa dola 2, mapato ni dola 3,200 mwaka mzuri na 1,280 mwaka mbaya. Bima na kodi zikiwa dola 300, hata mwaka mbaya mwenyewe ananunua petroli na anabakiwa na kitu. Zikifika dola 2,000, mwaka mzuri unaacha 1,200 na mwaka mbaya unaacha deni la 720, kabla ya petroli na kibarua. Kupandisha tiketi hakusaidii sana, kwa kuwa kwa dola chache zaidi mteja anafika kwenye lifti ya viti. Miaka miwili mibaya mfululizo inatosha.

Na miaka mibaya ilikuja ikiwa na mizigo mingine. Majira ya 1973 hadi 1974 yalikuwa na theluji haba wakati vikwazo vya mafuta vya nchi za Kiarabu vikifanya petroli itafutwe kwa foleni. Majira ya 1979 hadi 1980 New England ilikosa theluji kwa kiwango kilichobaki kwenye kumbukumbu. Waanzilishi wa baada ya vita walikuwa wamezeeka, na ardhi ya mteremko wenye mandhari nzuri sasa ilitakiwa na wajenzi wa nyumba za mapumziko. Chama cha kitaifa cha wamiliki wa viwanja kilihesabu viwanja 735 nchini katika majira ya 1982 hadi 1983. Miaka ya karibuni ni chini ya 500.

Kukitambua kilima kilichokufa

Msitu wa New England unarudi haraka, lakini hauwezi kuficha umri. Ukanda ulionyooka kupanda kilima wenye miti ya rika moja, hasa misonobari myeupe na miti ya betula, katikati ya msitu mkubwa zaidi pande zote mbili, ni dalili ya kwanza. Fuata ukingo wake ukitazama juu: ringi za magari kwenye miti mikubwa, mara nyingine zikiwa zimemezwa nusu na gome, huonyesha njia ya kamba ya kurudi. Chini au juu ya ukanda kutakuwa na kibanda kilichoanguka, misumari mirefu kwenye magogo, pengine injini yenyewe. Nguzo za taa katikati ya msitu zinaonyesha kwamba watu waliteleza usiku.

Ramani za zamani za shirika la jiolojia la Marekani mara nyingi huandika mtambo wa ski kwa jina na mstari. Picha za angani za miaka ya 1940 hadi 1960 huonyesha ukanda mweupe, na majina ya barabara hubaki hata kilima kikisahauliwa. Omba ruhusa ya mwenye ardhi, na angalia miguu: waya uliolala kwenye majani na visima visivyofunikwa ni vya kawaida. Kilima cha Mt. Whittier, New Hampshire, hakikuhitaji upelelezi wote huo. Nguzo za vibanda vyake vya kubebea watu, vilivyoning'inia kwenye waya, zilibaki zikionekana kutoka barabara ya 16 miaka mingi baada ya kufungwa.

Vilivyobaki, na kilichofufuka

Vilivyoishi vina jambo moja vinavyoshirikiana: vilirudisha chini gharama zile za lazima. Northeast Slopes huko East Corinth, Vermont, imeendeshwa tangu 1936, na kazi hufanywa na watu wa kujitolea. Cochran's, huko Richmond, ilianza mwaka 1961 Mickey Cochran alipofunga kamba nyuma ya nyumba ili wanawe wafanye mazoezi baada ya shule. Binti yake Barbara Ann alishinda dhahabu ya slalomu, mbio za kupinda kati ya milingoti, kwenye Olimpiki ya Sapporo mwaka 1972, na mjukuu wake Ryan Cochran-Siegle alipata medali ya fedha kwenye Olimpiki ya Beijing mwaka 2022. Tangu 1998 kilima hicho ni cha taasisi isiyo ya faida. Kilima kifupi hakimzuii bingwa. Kinampa marudio mengi, na marudio ndiyo mazoezi.

Ascutney, Vermont, inaonyesha njia zote mbili mahali pamoja. Ilianza kwa kamba mwaka 1946, ikakua hadi kushuka mita 550 hivi, ikafunga lifti ya kasi ya viti vinne mwaka 2000, na mwaka 2010 ikafungwa kwa deni. Lifti iliuzwa kwa Crotched Mountain, New Hampshire, kilima ambacho chenyewe kilikuwa kimekufa mwaka 1990 na kufufuliwa 2003. Kijiji cha West Windsor kiliamua kwa kura kununua ardhi. Watu wa kujitolea wakafunga kamba mwaka 2015, na mwaka 2020 lifti ya T inayopanda mita 130 hivi, sehemu ya chini tu ya mlima. Hawatengenezi theluji. Ikianguka wanafungua, isipoanguka hawafungui, na majira ya joto mlima ule ule unatumiwa kwa njia za baiskeli. Anayetaka kufika juu kabisa anabandika mikanda ya manyoya chini ya ski ili zisirudi nyuma, na anapanda kwa miguu yake.